Walimugawa Mukabalisa Angali Muzima

Mukabalisa anauza fromaji, jibini ya maziwa ya ng'ombe, mutaa wa Majengo mujini Goma, na wateja wake wanajua kwamba yeye hawapendi. Mutu akiuliza bei mara ya pili, anamutazama kuanzia viatu mupaka kichwani, anasonya, halafu anamugeukia mwingine. Wanarudi tu. Fromaji yake inatoka Matanda, kwenye milima ya Masisi, kwa wafugaji anaowajua kwa majina, na hakuna aliyewahi kuipeleka nyumbani akaikuta chungu. Majirani wanasema huyu mama ana kiburi. Yeye anasema kiburi ni cha watu wenye nafasi. Alichonacho yeye ni dharau, na hakuipata bure.

Aliipata Masisi, mwaka mume wake Jean de Dieu alipokufa kwa homa. Walikuwa na ng'ombe wa kutosha, si wengi wa kuimbiwa, lakini wa kuheshimiwa mulimani pale. Kilio hakijaisha, wanawake wangali wamekaa chini kwenye mikeka, kaka mukubwa wa marehemu, Nsanzimana, akasimama kwenye kiwanja na fimbo mukononi akaanza kuwaita ng'ombe mumoja mumoja kwa jina. Huyu wa kwangu, yule wa mudogo wetu, wale wawili wa deni ambalo marehemu aliniambia. Nsanzimana aliwajua ng'ombe wote kwa majina. Jina lililomubidi kuuliza ni la mutoto wa mwisho wa ndugu yake, aliyekuwa amebebwa mugongoni mwa mama.

"Anaitwa Mahoro," Mukabalisa alimujibu.

"Basi Mama Gentil, huyu Mahoro nitamuachia mutamba mumoja, apate maziwa. Ng'ombe wengine ni wa ukoo. Wewe utakula kwa watoto wakikua."

Gentil, mutoto wa kwanza, alikuwa na umri wa kuanza shule. Mukabalisa aliuza yule mutamba Sake, njiani, kwa mutu aliyeona haraka yake akamupunja, na kwa pesa hiyo akapata chumba Goma. Alianza kwa kubeba fromaji za wengine kichwani. Baadaye akapata meza yake, baadaye parcelle ndogo ya ardhi Majengo, na juu yake nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano kama nyumba zote za majirani. Hakuolewa tena. Wanaume waliokuja kumuposa aliwauliza kama wana kaka.

Watoto wakakua. Gentil alisoma sheria, tena aliisoma miaka mingi kuliko sheria yenyewe inavyohitaji. Alivaa koti hata siku za jua kali, alitembea na kalamu mufukoni, na kila alipokosa mutihani kosa lilikuwa la profesa. Mahoro hakumaliza shule ya sekondari. Alipata mimba, akazalia nyumbani, na mwanaume akapotelea upande wa Uganda. Gentil alimuita dada yake aibu ya familia, akiwa amekaa kwenye meza ya dada yake, anakula chakula cha dada yake. Mahoro hakumujibu. Alikata fromaji, akapika, akalea mutoto wake, na kila jioni akamuosha mama yake miguu kwa maji ya moto. Mukabalisa hakuwa mutu wa kusema asante. Lakini aliona.

Mwaka uliofuata mulipuko wa Nyiragongo, ajenti mumoja wa asiransi, yaani bima, akaanza kuzunguka Majengo. Aliitwa Aubin. Alivaa tai shingoni katikati ya vumbi, na viatu vyake vilichongoka mbele mupaka Mukabalisa akajiuliza vidole anaviweka wapi. Ajenti huyo alisimama mbele ya meza akaanza kueleza moto wa volkano, nyumba zilizoungua, maisha yasiyo na uhakika.

"Na mulima ukilipuka tena," Mukabalisa alimukata, "kampuni yako iko wapi?"

"Kinshasa, mama."

"Basi huko kuna mutu mumoja mwenye akili. Endelea."

Aubin akaendelea. Hii haikuwa asiransi ya nyumba, alisema, wala ya safari. Ni asiransi ya maisha yote. Unatoa kidogo kila mwezi. Siku unapokufa, hata ukifa mwaka kesho, hata ukifa mukongwe usiye na jino, kampuni inatoa pesa iliyoandikwa na kumupa mutu uliyemuchagua. Wakati huo huo, ndani ya mukataba, kuna thamani inayoota pole pole, ambayo unaweza kuikopa ukiwa na shida. Alitoa karatasi yenye mustari unaopanda kama njia ya mulimani. Watajiri wa Ulaya, alisema, ndivyo wanavyojenga mali ya familia.

Mukabalisa alitazama ule mustari. Ng'ombe mumoja na ndama wake wangeupita bila kukimbia. Aliurudisha.

"Watajiri wa Ulaya waache kwanza. Huyo mutu ninayemuchagua, ninamuchagua mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako. Tunamuita benefisiere."

"Awe mwanamuke?"

"Awe yeyote, mama."

"Na siku nikifa, kaka za mume wangu wakija kwenye biro yenu pamoja na ukoo muzima?"

Aubin alifikiri kidogo. Kwa mara ya kwanza aliacha kuongea kama redio.

"Watapewa viti, mama. Pesa hawatapewa. Hii pesa haiingii kwenye mali ya kugawa. Inapita kando, inaenda moja kwa moja kwa mwenye jina."

Mukabalisa alipangusa kisu kwenye kitambaa. Kitu chochote alichowahi kumiliki kilikuwa na mulango ambamo mwanaume anaweza kuingia: ng'ombe ana kamba, shamba lina mupaka, nyumba ina funguo. Hakuwa amewahi kusikia habari ya mali isiyo na pa kushikia. Wiki hiyo hiyo akatia sahihi, na mahali pa jina la mwenye kupokea akaandikisha la Mahoro.

Hakumuficha Gentil. Alimuambia wazi, siku alipokuja kutaka pesa ya biashara ya matairi.

"Pesa yangu ya kila mwezi inaenda kwenye asiransi. Siku nikifa, Mahoro atapokea."

"Mahoro?" Gentil aliweka kikombe chini. "Mama, mimi ndiye mwanaume wa nyumba hii."

"Ndiyo maana. Wewe utapewa bila kuandikwa."

Gentil hakuelewa, au alielewa na hakupenda. Aliondoka, na kwa muda akapunguza kuja. Mukabalisa aliona sukari inakaa muda murefu zaidi.

Mwisho wa mwaka ule vita vikashuka upande wa Rutshuru, na watu wakajaa kwenye kambi ya Kanyaruchinya, pembeni ya Goma, chini ya vipande vya turubai. Kati yao alikuwa Nsanzimana. Miaka ya nyuma alikuwa amehamishia ng'ombe wake upande wa Rumangabo akitafuta majani mazuri. Sasa ng'ombe walikuwa wamekwenda na watu wenye bunduki, na yeye alikuwa muzee mwenye koti moja na jagi la plastiki. Alimutafuta muke wa ndugu yake. Mukabalisa alimupa unga, maharagi na blanketi. Alimupa akiwa amesimama mulangoni, na hakumukaribisha ndani. Nsanzimana alipokea akisema Mungu ni mukubwa, na akarudi mwezi uliofuata, na uliofuata.

Huko Kanyaruchinya ndiko Gentil alikomufuata. Mutoto ambaye hakuwahi kumupelekea baba yake mukubwa hata sabuni, sasa alimupelekea sigara na habari ya asiransi. Wawili hao wakaelewana haraka. Mumoja alikuwa amekula urithi wa marehemu, mwingine alitaka kula wa aliye hai, na kati yao walikuwa na midomo ya kutosha.

Walikuja siku ya Yenga, yaani Jumapili, baada ya kanisa. Nsanzimana alikuwa amevaa koti la Gentil, Gentil alikuwa amevaa jingine, na walimuleta Twagirimana, muzee wa kanisa, awe shahidi. Twagirimana alikuwa mutu mupole aliyeitwa kwenye mikutano yote kwa sababu hakuwahi kukataa. Mahoro alileta chai akataka kutoka. Mama yake akamuonyesha kiti.

"Mama Gentil," Nsanzimana akaanza, "tumesikia kuna pesa."

"Pesa gani, shemeji?"

"Ya siku utakapotutoka." Alikohoa kwa heshima. "Hatukuombei mabaya. Lakini ukoo hauwezi kukaa bila kupanga. Pesa kubwa namna ile kuipa binti aliyezalia nyumbani ni kuimwaga njiani. Kesho mwanaume mwingine atakuja kuila."

"Kisheria pia, Mama," Gentil akaongeza, akitoa kalamu, "mutoto wa kiume ndiye anayefunguliwa urithi..."

"Sheria hiyo uliisoma mwaka gani? Ule uliofaulu au ile mingine?"

Nsanzimana akaendelea kama mutu asiyesikia mvua. Alikuwa amefikiri, alisema, na mupango ulikuwa muzuri. Sehemu ya kwanza imujengee Gentil nyumba ya matofali hapa kwenye parcelle, kwa sababu nyumba ya mbao haifai mutu aliyesoma. Sehemu ya pili inunue ng'ombe, ili jina la Jean de Dieu lifufuke mulimani, na ng'ombe hao wakae chini ya mukono wake yeye Nsanzimana, maana ndiye anayejua ng'ombe. Mahoro naye asisahauliwe. Angepewa kitu kidogo, akijitahidi kuolewa.

Gentil aliona ng'ombe wamezidi. Wakabishana. Nsanzimana akasema nyumba inaweza kuwa ya vyumba vichache. Gentil akasema vyumba havipunguzwi, labda ng'ombe wasinunuliwe wa maziwa bali ndama. Walisahau chai. Walizungumza mbele ya Mukabalisa, magoti yao karibu yanamugusa, kama watu wanaokata nyama na mbuzi amesimama pale pale anatafuna.

Mukabalisa aliwatazama. Alitegemea hasira, akakuta hasira haikuja. Kilichokuja kilikuwa baridi zaidi, na karibu kitamu. Miaka yote aliyoibeba ile siku ya kiwanjani, alikuwa akimuona Nsanzimana ni mutu mukubwa, mubaya lakini mukubwa. Sasa alimuona ndani ya koti la kuazima, mate pembeni ya mudomo, anagombania ndama wasiozaliwa na kijana asiyeweza kujilipia kodi, na alishangaa kwamba kitu kidogo namna hii kiliwahi kumukimbiza Masisi.

Ni Twagirimana aliyeinua mukono, kwa aibu.

"Ndugu zangu, mutanisamehe. Naona mumesahau sanduku."

"Sanduku gani?" Gentil aliuliza.

"La mama. Na kaburi. Mumegawa vyote, na hamukuacha cha kumuzikia."

Nsanzimana aliangalia mikono yake. Gentil aliifunika kalamu.

"Endeleeni," Mukabalisa alisema. "Nilitaka kujua kama nitazikwa."

Alichukua birika. Ndipo akaongea, bila kupandisha sauti, akiwaongezea chai huku anaongea.

"Gentil, siku nikifa parcelle hii watakupa wewe. Nikikataa watakupa. Nikiandika watararua, watakupa, kwa sababu uko mwanaume. Mahoro watamupa ufagio, afagie kwako mupaka muke wako amuchoke. Ndiyo maana nimemutafutia kitu ambacho hamuwezi kukifikia. Jina lake litabaki pale. Na wewe shemeji, ng'ombe wa Jean de Dieu wako wapi?"

"Vita viliwachukua. Unajua mwenyewe."

"Vita gani? Mimi ninajua vita vya kwanza vilikuwa wewe."

Twagirimana akaomba wasali. Walisali, na Mukabalisa akawafungia kila mumoja kipande cha fromaji, kile cha pembeni chenye ganda gumu, akawasindikiza mupaka mulangoni.

Mahoro aliosha vikombe bila kusema neno. Mama yake alimudharau kidogo kwa hilo pia. Angekuwa yeye, angecheka.

Januari ya 2025 muji ukabadilisha wakubwa. Risasi zilipiga mabati, na zilipokoma, banki zilikuwa zimefungwa na barabara ya Masisi ilikuwa na vizuizi vingi kuliko fromaji. Meza ya Mukabalisa ikakaa tupu. Malipo ya asiransi yakasimama. Hapo Gentil akarudi, na furaha aliyoshindwa kuificha.

"Nilikuambia, Mama. Kampuni ya Kinshasa haitakumbuka mutu wa Goma. Ile pesa imekufa kabla yako."

Asubuhi iliyofuata Mukabalisa alijifungia akamupigia simu Aubin, aliyekuwa amekimbilia Bujumbura. Usiku ule wote hakuwa amelala vizuri. Kumudharau Gentil ilikuwa rahisi. Kuwa na hofu kwamba Gentil amesema kweli ilikuwa kitu kingine.

"Nikisimamisha leo," aliuliza, "ninapata nini?"

"Chini ya ulichoweka, mama. Chini sana. Miaka ya kwanza thamani inakuwa kidogo."

"Kwa nini? Pesa ya mwaka wa kwanza iliingia wapi?"

"Kwenye gharama. Na komisyo."

"Komisyo ya nani?"

"Ya ajenti."

"Kwa hiyo mwaka ule nilikuwa nakulisha wewe."

"Sehemu, mama."

"Ulinunua nini?"

"Nililipa kodi ya nyumba. Na viatu."

Vile viatu. Mukabalisa alisonya mupaka Bujumbura ikasikia. Lakini mutu huyo hakuwa amedanganya alipoulizwa, na katika maisha yake wanaume wa namna hiyo walikuwa wachache. Alimuuliza afanye nini. Aubin akamueleza kwamba mukataba haufi mara moja. Kampuni inaweza kukata malipo kwenye ile thamani kidogo iliyopo, lakini haitavumilia muda murefu, na ikiisha, kila kitu kimeisha. Alipe anachoweza, kupitia simu, kabla haijaisha.

Angeweza kuacha. Kwa hesabu ya biashara, pengine mutu mwingine angeacha, na hakuna wa kumulaumu. Lakini alikumbuka uso wa Gentil pale mulangoni, ule utamu wa mutu anayeona musiba wa mwenzake unamupa haki. Alikwenda akauza redio na kabati. Akaanza kuuza mukaa mahali pa fromaji, mikono ikawa myeusi, wateja wakashangaa kumuona. Alilipa. Barabara ilipofunguka kidogo, fromaji ya kwanza kutoka Matanda ilimukuta hadaiwi na kampuni hata mwezi mumoja.

Mwezi wa pili wa mwaka ule watu wa Kanyaruchinya waliambiwa warudi kwao. Turubai zikavunjwa. Nsanzimana hakuwa na kwao. Alikwenda kwanza kwa Gentil, kwenye chumba alichopanga Katindo, na Gentil akamuambia kwamba chumba ni kidogo, na kwamba kwa mila muzee hulala kwenye nyumba ya ukoo. Nyumba ya ukoo, kumbe, ilikuwa ya Mukabalisa. Muzee alifika na jagi lake na godoro lililokunjwa, miguu imevimba, anapumua kama mutu aliyebeba kitu.

Mukabalisa alimutazama muda murefu. Kisha akamuambia Mahoro atoe magunia ya mukaa kwenye chumba cha nyuma.

Watu wa kanisa walimusifu. Mama mumoja alisema huu ndio upendo. Mukabalisa alimuuliza kama amekuja kununua au kuhubiri. Hakumupenda Nsanzimana, na hakutaka mutu amupambe kwa kitu asichokuwa nacho. Alimupa chumba kwa sababu hakutaka kufanana naye, basi. Na kulikuwa na kitu kingine, ambacho hakumuambia mutu: alikuwa anangoja. Muzee anayekufa huongea. Alitaka kusikia, mara moja tu, mutu huyu akitaja ile siku ya kiwanjani.

Nsanzimana aliongea kweli. Aliongea habari za ng'ombe, majina yao, rangi zao, yule mwenye pembe iliyopinda aliyetoa maziwa mengi, na baadhi ya majina hayo yalikuwa ya ng'ombe wa Jean de Dieu. Aliwataja kama ng'ombe wake, kwa upendo, machozi yakimutoka. Siku ya mwisho alimuita Mukabalisa karibu na kitanda. Alikwenda. Aliinama. Muzee alimushika mukono akatafuta pumzi.

"Mama Gentil," alisema. "Hakuna maziwa?"

Hakuomba musamaha. Aliomba maziwa. Mukabalisa alibaki ameinama pale, na kwa muda hakujua uso wake afanye nao nini. Halafu akamutuma Mahoro kununua. Muzee alikunywa nusu kikombe, akalala, na kabla ya saa ya chakula cha muchana alikuwa amekufa.

Gentil alifika akiwa na koti jeusi na mupango. Kiongozi wa ukoo hawezi kuzikwa kama mukimbizi, alisema. Mukataba una thamani, inaweza kukopwa, yeye mwenyewe angezungumza na kampuni.

"Haitaguswa," mama yake alisema. "Wewe umechangia nini?"

Gentil alikuwa amechangia koti. Mukabalisa alinunua sanduku la mbao za kawaida kwa pesa ya fromaji, Twagirimana akasali kwa ufupi, na Nsanzimana akazikwa. Jagi na godoro alipewa jirani. Hakuna aliyekuja kuvigombania.

Wiki hiyo, wakikata fromaji pamoja, Mahoro akafungua mudomo.

"Mama, ile pesa siitaki. Sitaki kungoja kitu juu ya kufa kwako."

"Nani amekuuliza kama unataka?"

"Nitanunua nini nayo, wewe haupo?"

"Utanunua kitu ambacho hutamuomba mwanaume. Punguza kipande hicho, unakata kama tunagawa bure."

Mahoro alipunguza. Alikuwa analia kidogo, na mama yake alijifanya haoni, kwa sababu machozi ya Mahoro ndiyo kitu pekee mujini humo alichoshindwa kukidharau.

Gentil hakukata tamaa. Parcelle bado ipo, na yeye anajua kungoja. Kila Yenga anapiga simu kumusalimia mama yake, na kwa sauti laini ya mutoto muzuri anamuuliza habari ya presha.

"Imepanda kidogo," Mukabalisa anamujibu. "Lakini haijakutosha."